Shangazi, si angepanga tu chumba chake?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nina ugonjwa wa hadithi za mapenzi za Uingereza ya zamani, zile za malodi na mabinti wa magauni marefu, nasoma kwenye simu nikiwa ndani ya mwendokasi, juzi nilikuwa nashuka Magomeni nikajikuta Kivukoni. Sasa ninayosoma saa hizi, binti kaachiwa urithi na babu yake ila hapewi mpaka aolewe, basi anafunga ndoa ya mchongo na lodi mmoja mwenye madeni, wamekubaliana hawalali chumba kimoja na baada ya mwaka wanaivunja kila mtu anashika hamsini zake. Shoga yangu anasema uongo mtupu, kwani asingepanga chumba akatafuta kazi? Na kweli ingevunjika kirahisi hivyo? – Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Shoga yako kakosea sehemu moja na kapatia nyingine bila kujua.

Hadithi zako nyingi ni za kati ya 1811 na 1820, mfalme George wa Tatu akili imeyumba na mwanae anashika nchi kwa niaba yake. Enzi hizo ardhi ya ukoo ilienda kwa kijana wa kwanza, binti wa kishua akiishiwa kazi ya heshima ilikuwa kufundisha watoto wa matajiri nyumbani kwao kwa hela ya mawazo, na wosia wa masharti ulikuwepo. Kwa hiyo hilo la kupanga chumba tuachie sisi wa Kimara na Sinza.

Ila sasa huyo binti anatoka kwenye moto anaingia jikoni, maana akishaolewa tu hela yake ya mkononi inakuwa ya mume, sheria ilianza kulegea 1870 ikaja kukaa sawa 1882. Ndio maana wenye akili waliandikishana kwa mwanasheria kabla ya harusi, hela yake ishikwe na wadhamini na yeye awe na posho yake. Kama kwenye hadithi yako hakuna hayo makaratasi basi huyo lodi kashalipa madeni, wewe subiri tu.

Sasa hilo la kuivunja kwa sababu hawajalala pamoja, hapo waandishi wanatupiga changa la macho. Sheria ya huko ilitaka mmoja awe HAWEZI, sio hataki! Mtu mzima na afya yake aende mahakama ya kanisa aseme mimi siwezi, na London nzima ijue? Thubutu. Na talaka ya kukuacha huru uoe tena ilikuwa mpaka Bunge likutungie sheria yako peke yako, mambo yalikuwa hivyo mpaka 1857, mwanamke wa kwanza kuipata ni Jane Addison mwaka 1801, tena baada ya mumewe kutembea na dada wa damu wa huyo Jane.

Kama unataka ndoa ya maslahi ya kweli muangalie yule yule mtoto wa mfalme aliyeshika nchi kwa niaba ya baba yake. 1785 alimuoa kwa siri Maria Fitzherbert, Mkatoliki, sheria ikasema batili, madeni yakamkaba mpaka 1795 akamuoa binamu yake Caroline ambaye hawakuwahi hata kuonana, ili alipiwe. Wakapata mtoto mmoja wakatengana, na 1820 alipopata ufalme kamili akajaribu kumuacha kupitia Bunge AKASHINDWA. Mfalme huyo! Sasa lodi wako ataweza?

Afu usichanganye mambo, kama mbele huko kuna sehemu wanakutwa bustanini usiku wawili peke yao na wazee wanalazimisha harusi haraka haraka, hiyo sio mchongo tena mwanangu, hiyo ni ndoa ya mkeka kabisa, mkeka tu ndio hawakuwa nao.