Nimegawa zamu sawa, mbona wamenuna?

Swali: Nasimamia watu 11 katika huduma kwa wateja. Nilipanga upya zamu za usiku, kila mmoja akapata idadi ileile, nikabandika ratiba ukutani. Tangu hapo kikaoni hakuna anayechangia, na wawili wameanza kuchelewa. Nimekosea wapi?

Jibu: Katika hesabu hujakosea. Ila mfanyakazi haangalii alichopata tu. Huangalia pia uamuzi ulifikiwaje, na alielezwa kwa lugha gani. Hayo mawili umeyaruka.

Aliyekosa alichotaka kwa utaratibu anaouamini husikitika, kisha hurudi kazini. Akihisi upendeleo hukasirika, na hasira hiyo humlenga bosi. Hata aliyependelewa mara nyingi huona haya mbele ya wenzake, kwa hiyo usitarajie akutetee.

Mwaka 1990 Jerald Greenberg, mtafiti wa tabia za watu kazini, alichapisha utafiti wa viwanda vya kampuni moja vilivyokata mishahara kwa 15% kwa wiki 10. Palipoelezwa sababu kwa kina, na wakubwa wakaonyesha kuguswa, wizi wa wafanyakazi ulikuwa mdogo kuliko palipotangazwa kwa maneno machache. Makato yalikuwa yaleyale.

Ratiba ya sasa iache iishe muda wake. Ukiifuta leo, atakayenuna kesho atajua dawa. Kabla ya kupanga ijayo, zungumza na kila mtu dakika 10: usiku upi hauwezekani kwake, na kwa nini? Andika mbele yake. Kisha tangaza vigezo kabla ya majina, kwa mfano mwenye masomo ya jioni atalipa kwa zamu za wikiendi. Toa rasimu, acha siku 3 za kupinga, ndipo uithibitishe. Unayemkatalia ombi mwite faraghani umpe sababu yenyewe; “ni maagizo ya juu” si sababu.

Tahadhari moja: kama umeshaamua, usiulize maoni. Watu wakigundua walisikilizwa kwa geresha, watakasirika kuliko ambavyo wangekasirika usingewauliza kabisa.

Wanaochelewa waone mmoja mmoja. Taja tarehe na dakika, usitaje “tabia yako siku hizi”, halafu uliza kama zamu imehusika, unyamaze umsikilize. Kama kuna mwingine unayemfumbia macho akichelewa, anza na huyo, maana wenzake wanamhesabia dakika zake.