Kaspasi haimpelekei mtu kitu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasomea maabara hapa Moshi. Kwenye ripoti nimeandika: "Kaspasi ni vimeng'enya vya kifo vinavyopelekea seli kufa, hali inayopelekea magonjwa." Mwenzangu anasema ni "enzaimu", si "vimeng'enya". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kimeng'enya ndilo neno la vitabu vya shule, enzaimu nayo inaeleweka; yote mawili ni protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Shika moja, usichanganye. Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye hiyo "kupelekea", ambayo umeirudia mara mbili bila hata kupumua.

Hiyo ni kauli ya kutendea, inadai mpokeaji. Mama yuko Kibosho, wewe uko mjini. Unanunua sukari Mbuyuni, unapanda Hiace, unampelekea. Kuna mpelekaji, kuna mzigo, kuna mpokeaji. Seli yako imepelekewa nini? Najua, redioni mvua kila masika "inapelekea daraja kuvunjika". Inampelekea nani, diwani? Mvua imevunja daraja, basi!

Kwako ni zaidi ya sarufi, maana kitenzi hicho kimemeza biolojia yote. Kaspasi ziko aina nyingi, zinatajwa kwa namba. Kaspasi 8 na 9 huanzisha kazi kwa kuamsha kaspasi 3, na hii ndiyo hukatakata protini mpaka seli ife kwa utaratibu. Kaspasi 8 hiyohiyo huzuia aina nyingine ya kifo cha seli. Kaspasi 1 huchochea kinga dhidi ya vijidudu. Kaspasi 14 iko kwenye ngozi, husaidia kujenga tabaka la juu. Kwa hiyo hata "vya kifo" umewaonea. Jina lenyewe, lililokubaliwa 1996, limeungwa kutokana na sisteini na aspateti, viambajengo viwili vya protini; kifo hakimo.

Na magonjwa yapi? Kaspasi zikizembea, seli mbovu hubaki hai na saratani hupata upenyo. Zikizidi, kama baada ya kiharusi, huua seli za ubongo ambazo pengine zingepona. Zikifanya kazi sawasawa, vidole vya mtoto tumboni hutengana. "Kupelekea" imeyafunika yote hayo.

Andika huanzisha, hukata, huchochea, huzuia. Najua neno lako limeshaingia mpaka kwenye hotuba za wakubwa, na mimi nimechoka kulifukuza. Ila ukiniletea ripoti kwamba kaspasi 3 imepelekea kitu, nitauliza ni kwa nauli ya nani.