Maswali yenu ya uwekezaji, wanaoanza pitieni hapa

Swali: Kila mtu anaongea hisa, bondi, mfuko, mi naona giza tu. Nianzie wapi?

Anza na mawili. Hisa ni kipande cha kampuni, ikipata faida na ikaamua kugawa unapata gawio, ikianguka unaanguka nayo. Bondi, yaani hatifungani, hapo umeikopesha serikali au kampuni, wanakulipa riba kwa tarehe zinazojulikana halafu muda ukiisha wanarudisha mtaji. Mfuko wa pamoja ni hela za watu wengi zimewekwa pamoja zikanunua hivyo vitu. Basi, usijichoshe na mengine kwanza.

Swali: Nina deni, nilipe au niwekeze?

Lipa. Deni la riba ya 20% kwa mwaka ukilimaliza ni kama umepata 20% bila kubahatisha, nani mwingine atakupa hiyo?

Swali: Mfuko nilioonyeshwa unakata 2% tu kwa mwaka, si ni kidogo?

Hapa ndo watu wanaumia kimyakimya. Chukua milioni moja, ikue 8% kila mwaka kwa miaka 30 bila kuigusa, inafika kama milioni 10. Sasa toa hiyo 2 yao ibaki 6, unaishia milioni 5.7 hivi. Karibu nusu imeenda na hujaibiwa, umesaini mwenyewe! Kabla hujaweka hata senti omba waraka wa mfuko, tafuta gharama za mwaka, na kama kuna ada ya kuingia au kutoka ijumlishe. Ndo maana mi napenda mifuko ya indeksi, inanunua tu kampuni zilizomo kwenye orodha fulani ya soko, hakuna bingwa wa kulipwa achague, kwa hiyo makato huwa madogo. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, aliwafungulia watu wa kawaida mfuko wa hivyo mwaka 1976 kule Marekani, wakamcheka sana.

Swali: Kuna jamaa ananiahidi 10% kila mwezi, uhakika.

Piga hesabu basi: faida ukiirudisha humohumo, mwaka mmoja hela imezidi mara tatu, miaka mitano ni zaidi ya mara 300. Mwenye mashine hiyo anakutafuta wewe wa nini? Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi 50% kwa siku 45, wa kwanza akawalipa kwa hela za waliofuata, mpaka waliofuata wakaisha.

Swali: Soko likishuka nitoe?

Inategemea hela ni ya lini. Indeksi ya S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilishuka zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, ikarudi ilipokuwa mwaka 2013, kwa hiyo hela ya ada ya shule ya mwakani isikanyage kwenye hisa kabisa, ile ya uzeeni we iache tu.