Maswali yenu kuhusu Berlin, tuzo ya Teddy na filamu za kuchu

Makala yangu ya mwezi uliopita kuhusu filamu za kuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja, katika tamasha la kimataifa la filamu la Berlin (Berlinale) imeniletea barua nyingi. Nimechagua zile zenye swali ndani yake. Zenye matusi matupu nimeziweka kando, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa na watu waliokiri wenyewe kwamba filamu wanazozilaani hawajaziona.

Teddy ni tuzo ya Berlinale yenyewe, au ni ya kikundi cha pembeni? Na je, ni kubwa kuliko Dubu wa Dhahabu? (Morogoro)

Ni ya tamasha lenyewe, na kuzilinganisha hakuna maana kwa sababu kazi zake ni tofauti. Dubu wa Dhahabu hupewa filamu bora ya shindano kuu peke yake. Teddy hutafutwa katika sehemu zote za tamasha, iwe shindano kuu, Panorama, Forum au Generation, na jopo lake hutazama filamu zinazosimulia maisha ya kuchu, ziwe ndefu, fupi au za hali halisi. Ndiyo maana filamu moja inaweza kuondoka na Dubu na Teddy pia: mwaka 2017 filamu ya Sebastián Lelio kutoka Chile, *Una mujer fantástica*, ilipata Dubu wa Fedha kwa uandishi wa muswada na Teddy juu yake, na mwaka uliofuata ikapata Oscar.

Tuzo hii ilianza mwaka 1987 kwa juhudi za Manfred Salzgeber, aliyekuwa akiongoza sehemu ya Panorama, pamoja na Wieland Speck aliyekuja kumrithi. Washindi wa kwanza walikuwa Pedro Almodóvar na kijana wa Kimarekani aliyeleta filamu fupi, Gus Van Sant. Tamasha liliitambua rasmi mwaka 1992. Ningependa mkumbuke jambo moja ambalo husahaulika: mwaka ule wa 1987, kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichowapeleka wanaume jela kwa vizazi kadhaa kwa sababu ya kupendana wao kwa wao, kilikuwa bado kimo kitabuni, ingawa kilikuwa kimelegezwa. Kilifutwa mwaka 1994. Waanzilishi wa Teddy hawakuisubiri sheria iwaruhusu kwanza ndipo waanze.

Kwa nini unatuletea sinema za Wazungu na kuziita za Kiafrika? (Mombasa, na wengine saba kwa maneno yanayofanana)

Nawaomba mwitazame filamu ya *Rafiki*, kisha mniulize tena. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Mganda aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, ni Mkenya. Wasichana wake wawili, Kena na Ziki, walioigizwa na Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva, wanachanganya Kiingereza na Kiswahili cha mitaa ya Nairobi. Baba zao wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi wa wadi, na mwanamke mwenye kibanda cha chakula anajua habari za kila nyumba kabla ya wenye nyumba. Anayeishi katika mtaa wa namna hiyo huutambua tangu dakika za mwanzo.

Ni kweli kwamba fedha nyingi za kuitengeneza zilitoka Ulaya. Lakini ndivyo zinavyotengenezwa filamu nyingi za Afrika zinazofika kwenye matamasha makubwa, zikiwemo za ukame, za vita na za watoto yatima, na sijapata kupokea hata barua moja inayoziita hizo za Kizungu. Kama hoja ni fedha, basi na isemwe kwa filamu zote.

Wala *Rafiki* si ya kwanza. Mohamed Camara wa Guinea alipeleka *Dakan* kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 1997, hadithi ya vijana wawili wa kiume waliopendana tangu shuleni, na wengi huitaja kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Afrika Magharibi kulisema jambo hili waziwazi. Mwaka 2017 *Inxeba*, iliyopigwa kwa lugha ya Kixhosa ndani ya jando la milimani, ilionyeshwa katika Panorama; huko kwao Afrika Kusini iliwekwa daraja moja na picha za ngono mwezi Februari 2018, hadi Mahakama Kuu ya Pretoria ilipoutengua uamuzi huo mwezi Juni. Na mwaka 2023 Teddy ya filamu ndefu ilikwenda Nigeria, kwa Babatunde Apalowo. Mhusika mkuu wa filamu yake ni mwanamume anayepeleka mizigo kwa pikipiki Lagos, na mwenzake ni mpiga picha. Wanatembea mjini wakitafuta sehemu za kupiga picha, na mapenzi yao yamo katika namna mmoja anavyosimama bila kutikisika anapoelekezewa kamera na mwenzake. Ni filamu iliyojaa ukimya, na ukimya huo unasikika kuwa wa Lagos, wenye honi na jenereta nyuma yake.

Kilichotoka nje na kikabaki bila kuulizwa asili yake ni sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja, kinatokana na sheria za ukoloni wa Waingereza, sawa na vifungu vinavyofanana nacho Uganda na Tanzania. Anayetafuta cha Kizungu aanzie hapo.

Rafiki ilishinda tuzo gani Cannes? (Dodoma, Kisumu, Arusha)

Haikushinda, ilichaguliwa katika *Un Certain Regard*, sehemu ya Cannes iliyo kando ya shindano kuu, mwaka 2018, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kufika hapo, na tuzo ya mwigizaji bora wa kike aliyoipata Samantha Mugatsia ilitolewa FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, mwaka 2019. Hili ni mara ya tatu kulijibu.

Nimesoma kwamba Rafiki ilifungiwa siku saba tu. Kelele zote zile zilikuwa za nini? (Nakuru)

Umesoma kinyume, na kosa hili limeenea kiasi kwamba nitalieleza kikamilifu. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwishoni mwa Aprili 2018, kabla haijaonyeshwa Cannes. Siku saba zilikuwa za ruhusa.

Ilikuwa hivi. Ili filamu ipendekezwe na nchi yake katika tuzo za Oscar, kanuni za wakati ule zilidai iwe imeonyeshwa ukumbini nyumbani kwa siku saba mfululizo, kabla ya mwisho wa Septemba. Kahiu alikwenda mahakamani, na tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha zuio kwa siku saba, kwa watazamaji watu wazima pekee. Alisema hakushawishika kwamba jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi kwamba misingi yake ya maadili itatikisika kwa kutazama filamu. Katika ukumbi wa Prestige, Nairobi, tiketi ziliisha, wakaongeza maonyesho, nazo zikaisha. Siku ya nane zuio likarudi. Kamati ya Kenya hatimaye ilipeleka Oscar filamu nyingine, *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ambayo nayo ilikuwa imeanzia Berlin mwaka huohuo na ni nzuri kwelikweli. Sitakubali mtu azigombanishe filamu hizi mbili.

Kwa siku hizo saba watu waliweza kuitazama filamu kwanza, wakaikubali au kuikataa wakitoka ukumbini. Sidai zaidi ya hapo kwa filamu yoyote.

Naomba kiungo cha kuitazama bure. (Wengi)

Sitoi, na kila anayesambaza nakala ya wizi anamnyang'anya mwongozaji aliyekwisha kunyang'anywa kumbi za nchi yake.

Nina filamu fupi ya dakika kumi na nne kuhusu maisha ya marafiki zangu wawili. Nijaze fomu gani ili niombe Teddy? (Kampala)

Fomu ya Teddy haipo. Unawasilisha filamu kwa tamasha kama mtu mwingine yeyote. Ikichaguliwa katika sehemu yoyote na ikawa inahusika, jopo la Teddy litaitazama. Usiiweke YouTube kabla ya kuwasilisha, kwa kuwa tamasha kubwa hujali sana onyesho la kwanza lilifanyika wapi. Manukuu ya Kiingereza yafanywe na mtu anayezijua lugha zote mbili. Nimeona filamu za kwetu ambazo neno la mahaba limetafsiriwa kwa neno la matusi, na ukumbi mzima ukacheka pasipostahili kicheko.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami siwezi kulinyamazia. Unasema ni maisha ya marafiki zako. Je, nyuso zao zinaonekana? Unaandika kutoka Uganda, ambako sheria ya mwaka 2023 inatoa adhabu ya kifungo cha maisha, na katika baadhi ya makosa adhabu ya kifo. Tamasha la Berlin huchapa picha kutoka katika filamu, hutoa trela na huwaalika waandishi wa habari. Ukishachaguliwa, huwezi tena kuurudisha uso wa mtu gizani. *Call Me Kuchu*, iliyopata Teddy ya filamu ya hali halisi mwaka 2012, ilimfuata David Kato, aliyeuawa Januari 2011 wakati upigaji wa filamu hiyo ukiendelea. Yeye alikuwa mwanaharakati aliyejua anachokifanya na aliyekuwa amejitokeza hadharani kwa hiari yake. Marafiki zako wamekubali nini hasa? Kukubali sebuleni kwako, mbele ya kamera ya mtu wanayempenda, ni jambo moja. Kukubali kuonekana na mwenye nyumba wao, na shangazi zao, na askari wa kituo cha jirani, ni jambo jingine kabisa, na ni wajibu wako kuwaeleza tofauti hiyo kwa maneno yaliyo wazi, kisha uwaache walale nayo siku kadhaa kabla ya kukujibu.

Waliotengeneza *Stories of Our Lives*, kundi la The Nest la Nairobi lililomtoa mwongozaji Jim Chuchu, walikusanya simulizi za watu halisi wa Kenya, wakazigeuza kuwa hadithi tano zinazoigizwa, na wao wenyewe wakaficha majina yao hadi onyesho la Toronto mwaka 2014. Hata hivyo mtayarishaji wao alikamatwa akidaiwa kupiga filamu bila kibali. Mwaka 2015 walipata tuzo ya jopo la Teddy. Jifunze kwao: simulizi ni ya kweli, lakini aliyeisimulia hapatikani popote ndani ya picha.

Kwa nini unaandika "kuchu" wakati Kiswahili sanifu kina maneno yake? (Zanzibar)

Kwa sababu wenyewe, Uganda na Kenya, ndivyo wanavyojiita, na mtu aliyejipa jina huitwa kwa jina hilo. Maneno unayoyaita sanifu mengi yalitungwa ili yaume. Lakini umenipa nafasi ya kukumbusha jambo ambalo wewe wa Zanzibar unalijua kuliko mimi: mwanamke wa pwani humwita mwenzake wa kike "shoga yangu", yaani rafiki wa kufichuliana siri, anayeitwa kwanza kukiwa na harusi na kwanza kukiwa na msiba. Neno la ukaribu likageuzwa kuwa neno la kutupiana mawe. Filamu ya Kahiu imepita njia hiyohiyo kwa kurudi, kwani Kahiu ameeleza kwamba alilichagua jina *Rafiki* kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya hulazimika kutambulishana hivyo, hata kama wameishi pamoja miaka.

Kuna haja gani ya kwenda tamashani wakati filamu zote zinafika kwenye simu? (Dar es Salaam)

Zote hazifiki. Na zinazofika hutazamwa kwa kujificha, sauti imepunguzwa, kidole kikiwa tayari kuzima. Berlin mtu yeyote hununua tiketi, tofauti na Cannes ambako milango ni ya watu wa tasnia. Nilikaa Kino International, ukumbi wa zamani wa Berlin Mashariki, Februari ya baridi kali, katikati ya mzee mwenye fimbo na wanafunzi wawili walioshikana mikono juu ya kiti bila kuangalia nyuma. Katika ukumbi huohuo, usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, ndipo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza *Coming Out* ya Heiner Carow, filamu ya Ujerumani Mashariki kuhusu mwalimu kijana anayempenda mwanamume. Watazamaji walitoka nje wakakuta ukuta uliougawa mji umefunguliwa. Miezi mitatu baadaye ilipata Dubu wa Fedha na Teddy. Simu haikupi watu wa kutoka nao nje.

Mbona filamu hizi karibu zote huishia kwa kifo au kwa machozi? (Bujumbura)

Hili ndilo swali bora nililopokea. Mwaka 1919, Ujerumani, *Anders als die Andern* ilimwonyesha mpiga fidla anayetishiwa na mlaghai kwa sababu ya kifungu kile cha 175, na mwisho anajiua. Kifo kile kilikuwa na kazi: Daktari Magnus Hirschfeld, aliyeshiriki kuiandika, alitaka watazamaji wailaumu sheria. Lakini dawa ya wakati ule imekuwa mazoea. Wachaguzi wa filamu Ulaya wameizoea picha ya kuchu wa Kiafrika anayepigwa na kulia, na waandishi wetu chipukizi wameng'amua kwamba machozi hufungua milango, wanayaongeza mahali ambapo hadithi haikuyahitaji. Naomba muache. Andikeni pia asubuhi ya kawaida, chai, ugomvi wa nani ataosha vyombo.

Katika *Rafiki* kipigo kipo, na kinauma kukitazama. Ziki anapelekwa London, Kena anabaki. Kahiu amesimulia kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Mwisho wenyewe ni huu: miaka imepita, Kena anafanya kazi hospitalini, amesikia kwamba Ziki amerudi. Anasikia sauti ikimwita jina. Mkono unawekwa begani mwake, na filamu inakwisha.