Jibu: Seamaster au Black Bay 58 kwa saa ya kwanza?

Habari ndugu. Umesema mkono wako mwembamba, hela ipo, ila kwa saa yako ya kwanza ya mkononi umekwama kati ya mbili: Omega Seamaster Diver 300M na Tudor Black Bay 58.

Anza na kipimo, jina liache kwanza. Seamaster ina kipenyo cha milimita 42, Black Bay 58 ina 39, lakini kinachoamua zaidi ni urefu kutoka ncha ya juu inaposhika mkanda hadi ya chini. Ivae, kunja ngumi, itazame kwa juu. Ncha zikitokeza nje ya mkono, iache hata kama umeipenda sana. Mimi pia nina mkono mwembamba, na ile ya 39 huingia chini ya shati bila kukwama.

Zote ni otomatiki, yaani hazina betri, mashine yake hujijaza kwa mwendo wa mkono, kwa hiyo tenga kabisa hela ya fundi. Baada ya miaka kadhaa lazima zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa mafuta.

Ukichukua iliyotumika, namba ya kwenye saa ilingane na ya kwenye kadi ya waranti. Kagua kingo za kasha, yaani mwili wa saa, pia: zikiwa zimeviringika, limesuguliwa kupita kiasi. Muuzaji akigoma fundi wako asiifungue, ondoka.

Kwa mkono wako, ningechukua Tudor.