Actaea kukauka kingo za majani kivulini
Actaea ni ua la kudumu la bustani linalopenda kivuli. Kingo za majani yake zikikauka hata kivulini, si ugonjwa, ni kiu. Kivuli si dawa ya ukavu: chini ya mti mkubwa mizizi ya mti hunywa maji kwanza, na sehemu ya mvua huishia juu ya majani ya mti huo. Nafanya kazi za bustani huku Minnesota, na kiangazi kikiwa kikavu tunaliona sana. Kingo zinakuwa kahawia, ukizishika zinavunjika. Aina iitwayo Actaea racemosa asili yake ni misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, udongo mweusi wenye majani yaliyooza, wenye unyevu wakati wote. Basi mwagilia polepole maji yazame, kisha weka matandazo ya majani au mboji, unene wa sentimita 5 hivi, yasigusane na shina. Usiing'oe kuihamisha, haipendi kabisa kusumbuliwa na huchukua miaka kadhaa kutulia. Ila kama yako ni ile aina nyingine, Actaea simplex, yenye majani ya zambarau iliyokoza, ipe jua kidogo la asubuhi, maana kwenye kivuli kizito rangi hufifia ikarudi ukijani. Na kama unafikiria kuipanda Dar es Salaam: haitafaa, inahitaji majira ya baridi kweli.