Biskuti imeandikwa 2,050, nawe umeambiwa usizidishe kalori 2,000 kwa siku

Mkuu, umeuliza inakuwaje biskuti za chai zizidi kiwango cha siku nzima: kliniki umeambiwa ukomee kalori 2,000, pakiti inasema 2,050. Nimefanya kazi ya ushauri wa lishe hospitalini kwa miaka mingi, na swali hili huletwa sana na wagonjwa wa kisukari. Jibu fupi ni kwamba hazizidi, wala hazikaribii.

Itazame tena picha ya lebo uliyoweka. Baada ya 2,050 kuna herufi kJ, yaani kilojuli. Pembeni yake kuna 490 kcal, hizo ni kilokalori. Ni nishati ileile imepimwa kwa vipimo viwili. Kilokalori 1 ni sawa na kilojuli 4.184, kwa hiyo gawanya 2,050 kwa 4.184 utaipata hiyo 490. Na zile 2,000 ulizopewa kliniki ni kilokalori. Mtaani na redioni tunazifupisha kuwa "kalori" tu, lakini kalori yenyewe ya maabara ni kitu kidogo sana: joto la kupandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mtu mzima akila kalori 2,000 za namna hiyo kwa siku, amekula kilokalori 2, hata kijiko cha sukari hakifiki.

Nchi nazo hazikukubaliana. Lebo za Marekani zinaandika Calories kwa C kubwa wakimaanisha kilokalori. Ulaya sheria inataka kJ na kcal zote mbili. Australia wanatumia kilojuli, na wastani wao wa mtu mzima kwa siku ni 8,700. Bidhaa za kila upande zinakaa rafu moja dukani kwetu, ndiyo maana nasema soma herufi kabla ya namba.

Nasisitiza kwa sababu nimeona mahali ambapo jambo hili si dogo. Watoto wenye utapiamlo mkali wodini huanzishiwa maziwa ya F-75, jina lililotokana na kilokalori 75 zilizomo kwenye mililita 100. Wakipata nafuu huenda maziwa ya F-100 au zile pakiti za chakula-tiba cha karanga zilizosagwa, za gramu 92 zenye kilokalori 500. Baba mmoja alimwachia mwanawe biskuti kitandani, pakiti ya karanga ikawa haijafunguliwa. Aliniambia, "Daktari, hii yenu ina 500, biskuti ina 2,000 na kitu. Si bora biskuti?" Alikuwa amesoma kwa makini kuliko wazazi wengi, ila alilinganisha kcal na kJ. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja: kwa gramu 100 karanga zile zinatoa kilokalori kama 545, karibu kilojuli 2,280, na zina maziwa, vitamini na madini ambayo biskuti haina. Akaifungua mwenyewe, akakata kona na kuanza kumlisha.

Turudi kwako. Hiyo 490 ni ya gramu 100, si ya pakiti. Kama pakiti yako ni gramu 50, ukiimaliza yote umekula 245. Wengine wanaandika kwa mgao, labda biskuti tatu, na hapo namba inaonekana ndogo bila biskuti kupungua chochote. Wali nao unawachanganya watu hivyohivyo: gramu 100 za mchele mkavu ni kilokalori kama 360, za wali uliopikwa ni kama 130, kwa sababu ya maji. Ukipima wali sahani ukatumia namba ya mfuko wa mchele, utajinyima chakula bure, na kwa anayetumia dawa za kushusha sukari hilo ni hatari.

Ukitaka kuhakiki lebo kama hiyo yako, chukua gramu zake: wanga na protini zidisha kwa 4, mafuta kwa 9, nyuzinyuzi kwa 2. Yako ina wanga 65, protini 7, mafuta 22, nyuzinyuzi 2. Hiyo ni 260, 28, 198 na 4, jumla 490. Kwa kilojuli tumia 17, 17, 37 na 8, utapata 2,054, nao wameandika 2,050. Angalia lakini mafuta: gramu 22 tu, na yamebeba 198 kati ya hizo 490. Kwa biskuti, mimi hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi, pamoja na sukari.

Kama unahesabu chakula kwa programu ya simu, ingia sehemu ya vipimo uchague kcal, maana yako inaonekana iko kwenye kJ. Halafu tuwekee uzito wa pakiti na idadi ya biskuti zilizomo, nikupigie hesabu ya biskuti moja.